Mapigo 140

Juzi binti yangu, akiwa anahangaika kufunga nywele zake kwa mkono mmoja, aliniuliza ni nani aliyeuvunja mkono wake wa kulia. Nilimwambia kwamba haukuvunjika, bali mishipa ya fahamu ya begani iliumia siku alipozaliwa. Jibu hilo ni la kweli, naye akaliridhia na kuendelea na nywele zake, ingawa hakuwa ameuliza kitu gani kiliumia.

Usiku ule sitausimulia wote. Wodi ya wazazi ilikuwa imejaa na mkunga wa zamu alikuwa mmoja. Alinipima, akasema njia imefunguka sentimita 5, akaenda kwa wengine, na sikumwona tena hadi mama wa kitanda cha jirani alipopiga kelele kwamba mtoto wangu anakuja.

Kichwa kilitoka. Nilitarajia mwili ufuate kwa msukumo uliofuata, kama tulivyofundishwa kliniki, lakini haukufuata, na nilimsikia mkunga akisema kwamba kichwa kinarudi ndani. Baadaye nilielezwa kuwa hiyo ni dalili ya bega la mbele kukwama nyuma ya mfupa wa kinena, na kwamba kuanzia hapo mtoto hawezi kungoja, kwa kuwa hewa anayoipata kupitia kitovu inapungua. Wakati ule nilichoambiwa ni, "Sukuma, mama, unamuua mtoto!" Msaidizi mmoja aliitwa, akapanda juu ya kibao, akaulaza mkono wake juu kabisa ya tumbo langu na kukandamiza kwa uzito wake wote, huku mkunga akikivuta kichwa kuelekea chini. Saa ya mkononi ya yule msaidizi ilikuwa ikinikwaruza chini ya mbavu, na kila alipoinuka kuvuta pumzi niliuona mshale wa sekunde ukizunguka. Sijui kwa nini niliutazama mshale ule badala ya kufumba macho. Ulizunguka, ukapita juu, ukashuka tena, na mtoto alikuwa bado palepale, nusu duniani.

Ndipo akaingia mkunga mtu mzima kutoka chumba kingine na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Acheni hilo tumbo." Aliagiza miguu yangu ikunjwe mpaka magoti yakakaribia kifua, akaweka kiganja juu kidogo ya kinena, akasukuma kwa pembeni, na bega likaachia. Sidhani kama alitumia nguvu nyingi. Mtoto alikawia kulia, kisha akalia, na mkono wa kushoto ukarushwa juu kwa hasira ilhali wa kulia ulibaki umelala ubavuni, kiwiko kimenyooka na kiganja kimegeukia nyuma.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mazoezi ya viungo na ya kujifunza majina. Hali hiyo huitwa kupooza kwa Erb, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1874, na watoto wengi hupona ndani ya miezi michache. Wangu alipona kiasi.

Kisha nikaomba faili langu. Ndani yake kulikuwa na patografu, ile chati ya uchungu ambayo watafiti Philpott na Castle waliitengeneza mwaka 1972, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ili mkunga aliye peke yake aweze kuona mapema kwamba jambo linakwenda mrama. Yangu ilikuwa imejazwa vizuri mno. Kila baada ya dakika 30, usiku kucha, mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa 140, kwa wino uleule na mwandiko uleule usiochoka. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo namba ile haina kasoro yoyote, isipokuwa kwamba hakuna aliyekuja kuyasikiliza.

Bega lenyewe simlaumu mtu. Mara nyingi halitabiriki, na linaweza kukwama hata mikononi mwa mkunga hodari kuliko wote. Wapo watoto wanaoumia hivyo ingawa kila kitu kimefanywa sawasawa. Kukandamiza tumbo ni suala jingine, kwa sababu kunalikaza bega palepale lilipokwama, na Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linashauri mzazi asikandamizwe tumbo ili kuharakisha kujifungua. Hata hivyo, hasira yangu hurudi kwenye zile 140, na hapo pia haikai kwa mtu mmoja. Visanduku vitupu vingeuliza kwa nini wodi nzima iliachiwa mkunga mmoja. Vilivyojazwa havimuulizi mtu chochote, na nashuku yule dada alilijua hilo kabla yangu.

Malalamiko yangu yalijibiwa kwa aya moja iliyosema kwamba kumbukumbu zinaonyesha mzazi alifuatiliwa ipasavyo. Wakili niliyemwendea aliitazama chati kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina shahidi. Ninaye, mama wa kitanda cha jirani, ambaye usiku kucha tuliitana mwenzangu na hatukuambiana majina.