Gari jipya linavuta kushoto

Tanga, Jumapili alfajiri, upepo wa kusi bado haujaamka

Mji huu ni wa baiskeli. Ukitoka Chumbageni kwenda Ngamiani saa moja asubuhi, ukingo wa kushoto wa barabara una muuza mkate mwenye kreti nyuma, mtoto wa shule, mama mwenye ndoo ya samaki kichwani. Wote wamemwamini dereva wasiyemjua kwamba atabaki kwenye mstari wake. Kwa sababu hiyo gari linalovuta kushoto linanikosesha raha kuliko gari linalotoa moshi. Tena dereva hulizoea upesi. Ndani ya wiki moja mkono umeshajifunza kuukaza usukani kidogo kulia, na mwenye gari ataapa kwamba gari lake halina neno. Mkono umezoea, lakini tairi linaendelea kuliwa.

Gari jipya kwetu ni la aina mbili. Kuna lililotoka dukani likiwa na kilomita sifuri, na kuna lililoshuka melini kutoka Japani baada ya kutumika huko miaka kumi au zaidi, ambalo nalo tunaliita jipya kwa kuwa namba ni mpya. La dukani likivuta, kwanza uliza kama lilitayarishwa sawasawa kabla ya kukabidhiwa. Magari mapya husafirishwa yakiwa na upepo mwingi kupita kiasi kwenye tairi, na baadhi huwekewa vipande kwenye springi ili bodi isidunde njiani. Kipande kikisahaulika upande mmoja, gari hukaa juu upande huo na pembe za magurudumu hazilingani tena. Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu mahali tambarare. Pande mbili zikipishana zaidi ya sentimita moja, kuna jambo la kutafuta. Kipimo hichohicho kinafichua springi iliyovunjika au iliyochoka kwenye gari lililotumika.

Kabla ya kulaumu gari, pima barabara. Lami imeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, na mwinamo wake wa kawaida ni kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita ya upana. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwinamo unatupeleka kushoto wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Gari zima kabisa, ukilishika kwa vidole viwili, litaelea taratibu kuelekea ukingoni. Likikimbilia huko kabla hujahesabu tatu, hiyo si lami. Na likivuta kulia ukiwa upande wako wa barabara, usiisingizie lami hata kidogo, maana linapanda mlima.

Upepo nao hudanganya. Kwenye njia ya Horohoro au ya Pangani, kusi likishika mchana linakusukuma ubavuni. Dalili yake ni kwamba ukienda unasukumwa upande mmoja, ukigeuza unasukumwa upande wa pili. Jaribu alfajiri, nje ya mji, kwa mfano ukishapita Kange kuelekea Pongwe, kwenye kipande kilichonyooka na kisicho na watu, mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa. Nenda na urudi palepale. Usiuachie usukani, legeza mkono tu, vidole vibaki. Gari likiwa na mfumo wa kulishikilia kwenye mstari wa barabara, uzime kwanza, kwa kuwa wenyewe huuvuta usukani na utadhani ni ugonjwa.

Hapo ndipo kazi inaanza, na inaanza na geji ya upepo. Watu wengi hukimbilia alaimenti, yaani kupangiwa pembe za magurudumu, wakalipa, wakarudi na mvuto uleule, kumbe tairi la mbele kushoto lina psi 26 na la kulia 33. Gari huvuta upande wenye upepo mdogo, kwa sababu tairi laini huburuza zaidi. Kipimo sahihi kiko kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani kimeandikwa kwa kPa: 220 ni kama psi 32, na 230 ni kama psi 33. Kwa haraka, gawanya kPa kwa saba. Pima tairi likiwa baridi, gari limelala usiku kucha. Jua la Tanga likipiga ubavu mmoja wa gari tangu asubuhi, tairi za upande huo zitasoma juu na utatoa upepo ambao hukupaswa kuutoa.

Ukiwa umechuchumaa hapohapo, soma tairi. Je, mbili za mbele ni za kampuni moja, saizi moja, meno ya aina moja? Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari yaliyotumika hufika mara nyingi na tairi mseto, moja la mwaka huu na jingine la miaka minane, na mseto kwenye ekseli moja unatosha kabisa kulivuta gari.

Kisha lipo tairi lenye kasoro ambayo jicho haliioni. Ndani ya tairi la kisasa kuna mikanda ya waya, na ikikaa nje ya katikati hata kidogo, tairi linaviringika kama pia, yaani kama kitu chenye upande mmoja mwembamba. Hata tairi jipya laweza kuwa hivyo. Dawa ya kulitambua ni kubadilishana: la mbele kushoto lipeleke kulia, la kulia lilete kushoto. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati gari likiwa bado chini, inua kwa jeki kwenye alama zake, weka stendi. Toyota ndogo nyingi zinatumia spana ya 21. Ukirudisha, kaza kwa kuvuka, nati hii halafu ile inayoitazama, hadi kama Nm 103 kwa gari za ukubwa huo, na uzikaze tena baada ya kilomita 100. Usipande juu ya spana kwa mguu.

Rudi palepale barabarani. Mvuto ukihamia upande wa pili, mwizi ni tairi. Ukipotea, bado ni tairi, ila kasoro zimekutana zikafutana. Ukibaki ulivyokuwa, tairi hazina hatia. Tairi lenye mshale ubavuni lina mwelekeo wake, halihamishwi upande. Hilo libadilishe na la nyuma yake, upande uleule. Ukishalijua tairi bovu na bado lina maisha, lihamishie nyuma, huko madhara yake ni madogo.

Breki ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu zinasahaulika. Gari limekaa melini, likakaa bandarini, likakaa yadi, hewa ya chumvi usiku na mchana, na hakuna aliyekanyaga pedali. Pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zinaganda, pedi moja inabaki imeegemea diski. Endesha kilomita kumi hivi bila kufunga breki kwa nguvu, simama polepole, ulisogeze tumbo la kiganja karibu na rimu bila kugusa diski. Rimu isiyo na tatizo ina joto la kikombe cha chai kilichopoa. Ile iliyoshika utaiondolea mkono mwenyewe, na wakati mwingine ina harufu ya kuungua. Gari litavuta upande huo.

Inua gurudumu hilo, lizungushe kwa mkono. Likigoma, fungua kidogo nati ya kutolea upepo wa breki. Likilegea papo hapo, bomba la mpira la breki limevimba ndani na linazuia mafuta kurudi; badilisha mipira yote miwili ya mbele na utoe upepo. Likiendelea kugoma, tatizo ni pini au pistoni. Pini ni mbili kwa kila kalipa, boliti zake mara nyingi ni za spana ya 14. Pini mbovu haitoki kwa vidole. Unaizungusha na kuivuta, na inatoka na grisi iliyokauka ikawa nyeusi kama lami, na mstari wa kutu upande mmoja ambako ilikuwa inasugua. Isafishe ing'ae, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi usiipake, inavimbisha raba za kuzuia vumbi na baada ya miezi michache pini inashika tena.

Kama gari linavuta pale tu unapokanyaga breki, linaelekea upande unaoshika zaidi, na mara nyingi mgonjwa ni ule wa pili, ambao haushiki. Fundi akishughulikia upande mmoja tu, mwombe afungue na wa pili.

Mchezo wa vyuma, yaani viungo vilivyolegea, ni wa kukagua haraka. Gurudumu likiwa juu, lishike kushoto na kulia ulitikise: mchezo hapo ni tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Lishike juu na chini: mchezo hapo ni boljointi au beringi. Bushi za wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, zikikatika hujionyesha gari likivuta unapofunga breki na kurudi unapokanyaga mafuta. Na kama gari baada ya kona ya kulia linataka kubaki kulia, na baada ya kona ya kushoto linabaki kushoto, angalia beringi ya juu ya shokapu, imekaza.

Sasa, na si kabla, ndiyo zamu ya alaimenti. Hapa nina jambo la kusema kwa msisitizo, kwa kuwa linafanyika kila siku vijiweni: kuzungusha tairodi hakuondoi mvuto. Tairodi inarekebisha too, yaani kama magurudumu mawili ya mbele yanatazamana au yanapeana mgongo. Usukani huigawa tofauti hiyo sawasawa kwa magurudumu yote mawili, gari likaendelea moja kwa moja. Ukizungusha tairodi ya upande mmoja ili kuua mvuto, unachopata ni usukani uliokaa shingo upande na tairi linaloliwa. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Njia moja ikiwa laini na nyingine ikakwaruza kama msumeno, too imepotea.

Kinachovuta ni kemba na kasta. Kemba ni gurudumu kuinama ndani au nje kwa juu. Gari huvuta upande ambao gurudumu limeinamia nje zaidi. Kasta ni mhimili wa kugeuzia gurudumu kulala nyuma. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Neno kubwa hapa ni tofauti kati ya kushoto na kulia, ambayo isizidi nusu digrii. Mashine itakuonyesha rangi ya kijani, na wengi huridhika. Chukua mfano: kemba ya kushoto +0.4, ya kulia −0.3. Kila moja inaweza kuwa ndani ya mipaka yake, zote kijani, lakini tofauti ni 0.7 na gari litavuta kushoto. Omba karatasi mbili zichapishwe, ya kabla na ya baada, na uzisome mwenyewe. Upepo uwe sahihi kabla gari halijapanda mashine, buti iwe tupu, na vipimo vya nyuma vianze.

Toyota ndogo kama Vitz, IST na ndugu zao mbele hazina pa kurekebisha isipokuwa too. Fundi akikuambia kemba hairekebishiki, hajakudanganya, ila yapo mambo mawili ya kufanya. Boliti mbili zinazoshika shokapu kwenye chuma cha habu zina nafasi ndogo. Zikilegezwa na gurudumu likasukumwa, kemba inasogea kidogo. Isipotosha, zipo boliti nyembamba za kurekebishia kemba zinazochukua nafasi ya moja ya hizo.

Kasta ikiwa imepotea upande mmoja, acha kurekebisha uanze kuuliza gari lilipata nini. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kila upande. Tofauti ya sentimita moja au zaidi inaonyesha wishboni iliyopinda, au fremu inayobeba injini iliyosogezwa na ajali. Angalia tairodi: uzi unaoonekana kushoto na kulia ulingane, usipolingana, kuna aliyekuwa anaficha kitu. Rudi kwenye karatasi ya mnada ya Japani kama unayo. Daraja R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa, na XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa. Ikikaa kwenye kona ileile inayovuta, umeshapata pa kuanzia.

Nyuma nako kunaweza kupinda, hasa gari likiwa liligonga ukingo wa barabara. Hapo gari linakwenda ubavu kama kaa wa Raskazone, na usukani haukai sawa hata too ya mbele iwe sahihi. Ekseli nzima ya nyuma ya magari madogo haina boliti ya kuirekebisha, iliyopinda hubadilishwa.

Na kama vyote vimekamilika, karatasi inasoma vizuri, lakini usukani wa umeme bado unasukuma upande mmoja wenyewe, basi sensa yake haijui katikati ni wapi. Inafundishwa upya kwa mashine ya kusomea makosa, magurudumu yakiwa yamenyooka, na kwa magari mengi yenye mfumo wa kuzuia kuteleza hili ni la kufanya kila baada ya alaimenti. Muulize fundi kabla hujaondoa gari kwenye mashine, kisha urudi nalo alfajiri kwenye kipande kilekile cha barabara, ukilishika kwa vidole viwili.