Hekalu Ndani ya Kumi na Nane

Mwalimu wetu wa Agano la Kale alikuwa fundi mwashi kabla ya kuwa mchungaji, na siku tulipofika 1 Wafalme sura ya 6 hakutaka kufundishia darasani. Alitubebesha vigingi, kamba ya katani na ndoo ya chokaa, akatupeleka uwanja wa mpira wa chuo. "Leo wanangu tunajenga," alisema.

Alipima mkono wake toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, tukakubaliana sentimita 45. Mikono 60 urefu, mikono 20 upana: mita 27 kwa 9. Ukumbi wa mbele ukaongeza mikono 10. Kamba ziliponyooka tukatazamana. Hekalu la Sulemani, lililojengwa kwa miaka 7, lilikuwa limeenea lote ndani ya kumi na nane, na nafasi ikabaki. Kanisa la usharika wangu wa nyumbani lililizidi ukubwa.

"Mchungaji, sasa watu walikaa wapi?" mwenzetu mmoja akauliza.

"Nje."

Ilikuwa nyumba ya Mungu, haikuwa ukumbi wa mkutano. Umati ulisimama uani, penye madhabahu ya shaba. Makuhani ndio walioingia, kutunza taa na kufukiza uvumba. Na chumba cha ndani kabisa, mikono 20 urefu, 20 upana, 20 kimo, kilikuwa cha kuhani mkuu peke yake, Siku ya Upatanisho, akiwa na damu ya sadaka. Mchungaji alimsimamisha mmoja wetu kwenye mraba ule awe kuhani mkuu. Sisi wengine tukamtazama kutoka uani.

Alikawia sana kwenye mstari wa 7, unaosema mawe yalikuja yamekwisha kuchongwa, hata nyundo haikusikika nyumbani mle wakati wa kujenga. Kwake yeye mwashi, jambo hilo lilipita dhahabu yote. "Kelele ziliishia chimboni," alisema. Tangu hapo naamini kwamba ibada ya Jumapili huchongwa Jumamosi. Ugomvi na jirani umalizwe huko, na kwaya ijaribu vipaza sauti vyake huko.

Kisha akachukua chokaa, akachora mstari mwingine mbali kabisa, karibu na katikati ya uwanja. Sasa tuko kwenye hekalu la Herode, akatuambia, lile alimofundisha Yesu. Lilizungukwa na ukuta mfupi wenye maandishi ya onyo: mtu wa mataifa atakayekamatwa akiwa amevuka, kifo chake amejitakia mwenyewe. Jiwe moja la onyo hilo, la Kigiriki, lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, na sasa limehifadhiwa Istanbul.

"Haya, wote nyuma ya mstari. Wabena, Wakinga, Wahehe. Hakuna Myahudi hapa."

Tukarudi nyuma, na kuhani mkuu wetu naye akarudi. Kutoka pale vigingi vya ule mraba vilikuwa vimemezwa na majani. Nilisikia uchungu ambao sikuutarajia kwa sababu ya chokaa tu.

Akafungua Waefeso 2, akasoma jinsi Kristo alivyokibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Akaenda Mathayo 27, pazia la hekalu likipasuka toka juu hata chini. Akafunga Biblia. "Ingieni."

Hakuna aliyekimbia. Aliyetangulia ni mama mmoja, mwanafunzi mwenzetu, mtoto mgongoni. Hata kama angezaliwa Myahudi, angekomea kwenye ua wa wanawake. Alivuka chokaa, akapita palipokuwa madhabahu, akapita penye taa, hadi ndani ya mraba, akapiga magoti. Tukamfuata sote, na pambio likaanza kabla wa mwisho hajafika.

Miaka mingi baadaye usharika wetu ulijenga kanisa jipya, nami nikawa kwenye kamati ya ujenzi. Mchoro wa kwanza uliweka madhabahu juu ya ngazi ndefu, zilizosimama. Wengine walisema kimo hicho kinaleta heshima. Nami naitaka heshima, lakini nilishikilia mpaka mchoro ukabadilishwa: ngazi chache, fupi, na pembeni mteremko wa zege, ili bibi zetu wenye mikongojo na ndugu yetu wa kiti cha magurudumu waifikie Meza ya Bwana bila kubebwa.