Subiri wimbi lirudi

Jana nimerudi na suruali imeloa mpaka magotini, chumvi mpaka kwenye nyusi, na kwenye kadi ya kamera kuna picha 200 na ushee ila ninayoipenda ni moja tu. Lakini hiyo moja naipenda kweli kweli.

Wengi wetu tukifika kwenye majabali jua linazama tunaelekeza kamera kwenye jua, mi nimefanya hivyo miaka. Siku hizi naliweka jua pembeni, mwanga uchape ubavuni mwa jabali, hapo kila ufa unaonekana, hata wale kome wamejibana kwenye mwamba unaweza kuwahesabu mmoja mmoja. Ukilielekea jua moja kwa moja mwamba unageuka giza tupu.

Halafu maji. Wimbi likipiga jabali povu linaruka na kila mtu anabonyeza hapo hapo, mi nasubiri lirudi. Likianza kurudi linateremka katikati ya mawe kama nyuzi nyeupe, nyuzi zinazunguka kila jiwe, zinakutana, zinaachana, na hizo ndo zinakuchorea umbo la mwamba wote. Kwa hilo naacha shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachoruhusu mwanga uingie, wazi nusu sekunde, f/11 (tundu la lenzi dogo), ISO 100 (kamera isihisi mwanga sana), na filta ya kupunguza mwanga mara 8, tripodi lazima. Kuna wanaoacha shata wazi sekunde 30 bahari yote inakuwa ukungu laini, wanaipenda, lakini kwangu mimi hapo bahari imeshanyang'anywa nguvu zake.

Na jamani usiteremke ukifika tu! Kaa juu robo saa uyaangalie mawimbi kwanza, maana yanakuja kwa mafungu, madogo madogo unazoea halafu linakuja moja kubwa. Jiwe ukiliona jeusi limeloa ujue maji yanafika pale hata kama wewe hujayaona yakifika, na penye mwani wa kijani usikanyage kabisa. Bahari usiipe mgongo. Mi jana niliinama kufuta lenzi, sekunde chache tu, ndo hayo magoti yakaloa.

Sasa hiyo picha moja. Jua lilikuwa limeshazama, watu wameshafunga mabegi wanaondoka, nikabaki. Jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa safari ndefu sana, bluu inatawanyika njiani inayotufikia ni nyekundu na chungwa, na likishazama kabisa bado linayamulika mawingu kwa chini. Kama dakika kumi hivi baadaye mawingu yakawaka yote, na kwenye kidimbwi kidogo juu ya mwamba, hakizidi sinia, mbingu nzima ikaingia mle ndani, wimbi likaja likarudi, nyuzi zikapita pembeni yake zikiwa za waridi. Nikabonyeza mara tatu. Ya pili ndo hiyo.

Leo asubuhi nimeosha tripodi kwa maji yasiyo na chumvi, kila kiungo, mchanga bado ulikuwa unatoka. Jana maji yalikupwa saa 9 alasiri, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku ya nne kutoka jana yatakupwa saa 12 na dakika 20 jioni, jua likiwa linazama, na ule mwamba wa chini ambao jana ulikuwa umefunikwa utakuwa nje. Betri ziko kwenye chaji.