Filamu ya mapanki inarudi Mwanza

Jumamosi ijayo, kuanzia saa moja na nusu usiku, kikundi chetu cha wapenzi wa filamu kitaonyesha, katika ua wa nyumba ya mwanachama mmoja huku Kirumba, filamu ambayo mji huu umeizungumzia kwa takriban miaka 20, ingawa nadhani wengi wa wazungumzaji hawajawahi kuketi wakaitazama mpaka mwisho. Ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mtengenezaji wa filamu kutoka Austria, iliyotoka mwaka 2004. Jina hilo halikupata kushika hapa nchini, kwa kuwa watu waliiita filamu ya mapanki na inaelekea wataendelea kuiita hivyo.

Kwa msomaji asiye mtu wa kanda hii, mapanki ni kile kinachobaki sangara, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, anapokwisha kutolewa minofu kiwandani, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyogandamana na mifupa. Hapo ndipo ulipo moyo wa filamu yenyewe. Minofu inapakiwa katika ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin na kupelekwa Ulaya, huku mapanki yakimwagwa juani, yakikaangwa na kuuzwa kwa watu wasiomudu samaki mzima. Picha zilichukuliwa hapahapa, kwenye uwanja wa ndege, viwandani, ufukweni na katika mitaa yetu. Mwaka 2006 filamu ilikuwa miongoni mwa zilizowania tuzo ya Oscar kwa upande wa filamu za hali halisi, na Ufaransa iliipa tuzo ya César ya filamu ya kwanza iliyo bora. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na hapa Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Kwa hiyo tulisifiwa na kusikitikiwa Ulaya, tukatetewa kutoka jukwaani, na katika yote hayo mvuvi na mchuuzi, ambao ndio wanaoonekana kwenye picha, hawakuulizwa sana maoni yao.

Binafsi nimeitazama, wala siko upande wa wale wanaotaka isahauliwe. Mandhari ya mlinzi wa usiku, anayelinda taasisi ya utafiti wa samaki kwa upinde na mishale kwa malipo ya dola 1 hivi kwa usiku, kisha anasema kwa utulivu kwamba vita vikitokea vingemfaa kwa sababu jeshi hulipa vizuri zaidi, ni kipande ambacho sijaona mfano wake katika filamu yoyote iliyopigwa kandokando ya ziwa hili. Mwongozaji hamkatizi, hamhukumu, na hatumii msimulizi wa kutueleza tufikiri nini. Ustadi huo nauheshimu.

Lakini ustadi huohuo ndio unaonitia mashaka. Katika filamu nzima linarudiwa swali la ndege hizo zinaleta nini zinapokuja kuchukua minofu, na mtazamaji anasukumwa polepole kuamini kwamba zinaleta silaha. Rubani mmoja anasimulia jinsi alivyowahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi na zabibu, simulizi inayoumiza kweli, ila ni ya Angola. Silaha iliyoshushwa Mwanza haionyeshwi hata moja. Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliikosoa filamu vikali, na ingawa yeye na Sauper walifikishana hadi mahakamani, naona swali la ushahidi bado ni halali kwa mtazamaji yeyote makini.

Jambo la pili ni ziwa lenyewe. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na kuanzia miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi huku furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, wa aina nyingi zinazokadiriwa kufika 200 hivi, wakitoweka. Filamu inamtwika sangara karibu mzigo wote, ilhali wataalamu hutaja pia uchafu unaotiririka kutoka mashambani na mijini pamoja na uvuvi uliopita kiasi. Tena, kamera haina haja na dagaa, samaki anayelisha nyumba nyingi kuliko minofu itakavyowahi kuzilisha. Mtu aliyeziona karabai za wavuvi wa dagaa zikitapakaa ziwani usiku wa giza atashangaa kwamba zimepewa nafasi ndogo mno. Na kuhusu mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambayo leo yanauzwa bei ya juu kuliko nyama ya sangara mwenyewe na kupelekwa China, hakuna anayetarajia filamu ya 2004 iyaone kwa macho ya sasa, ingawa yangetupa mada nzuri ya mjadala: je, safari hii faida inabaki wapi?

Sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiingereza na Kirusi. Palitolewa wazo la kumwita mtafsiri wa kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, aisimulie juu kwa juu, nami nikapinga, si kwa kudharau kazi hiyo, ambayo imewafundisha wengi wetu kupenda sinema, bali kwa sababu msimulizi mzuri huongeza chumvi, na filamu hii ilikwisha kutiwa chumvi za kutosha na kila aliyeisimulia. Tumeandaa maandishi ya Kiswahili yatakayopita chini ya picha.

Kiingilio hakuna. Viti ni vichache, kwa hiyo mwenye kigoda aje nacho, pamoja na kitu cha kujifunika, kwa kuwa wadudu wa ziwani hufuata mwanga wa projekta kuliko wanavyofuata taa ya barazani. Jenereta ipo. Watoto wasiletwe, maana yumo mwanamke anayehojiwa ambaye baadaye aliuawa, na wamo watoto wa mitaani wakivuta gundi.

Filamu ina urefu wa saa moja na dakika 47, na mjadala utafuata mara tu itakapokwisha. Watakaozungumza kwanza ni waliowahi kufanya kazi viwandani, mwaloni samaki wanakoshushwa, au visiwani, kisha sisi wengine. Atakayeondoka katikati hatazuiliwa, ila akirudi wakati wa mjadala atakuwa msikilizaji.