Sufuria la Katwe

Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2020 nilifika Katwe, Kampala, nimebeba sufuria nene la alumini. Ndani mlikuwa na bodi ya umeme niliyoihangaikia miezi mitano.

Kazi ya bodi hiyo ilikuwa moja: kuendesha kipande cha Peltier, kinachotumia umeme kupoza kihisi cha silikoni. Kihisi ndicho jicho la kigunduzi cha miale ya kosmiki, yaani chembe ndogo zinazotoka anga za mbali, na kikipata joto hutoa ishara za uongo. Joto likipanda nyuzi nane hadi kumi hivi, ishara hizo huongezeka karibu maradufu. Chembe ya kweli ikipita, utaitambuaje katikati ya zogo lile?

Mezani chuoni bodi haikuwahi kuyumba. Wenzangu wakasema tumemaliza. Mimi sikutulia, kwa sababu tulikuwa tunajifunza kujenga kitu cha kwenda anga za juu, na huko juu hakuna hewa. Kigunduzi kikubwa cha miale hiyo kiitwacho AMS, ambacho kiko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tangu Mei 2011, kabla ya kurushwa kilipimwa ndani ya tangi la ombwe, yaani lililonyonywa hewa, kule Noordwijk, Uholanzi. Sisi hatukuwa na tangi. Tulikuwa na fundi wa friji.

Alikuwa mzee wa Kinubi, mtu wa Bombo, na pampu yake ya kunyonya hewa ndiyo aliyosafishia mabomba ya friji kabla ya kutia gesi. Nilikuwa nimetengeneza kifuniko cha plastiki nene na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori. Akaupitisha mpira vidoleni.

"Huu utavuja, mwanangu."

Akakata mwingine, akaupaka grisi, akawasha pampu.

Mezani, transista kubwa ya bodi ile ilikuwa ikitulia kwenye nyuzi 47. Ndani ya sufuria, dakika ya tano ilisoma 52. Ya kumi, 64. Ya kumi na tano, 79, na haikuonyesha dalili ya kusimama. Ilipofika 93 nikazima, mikono ikitetemeka.

Mzee hakushangaa hata kidogo. "Joto limekosa njia. Ulikuwa unalitolea kwenye hewa, na hewa nimeinyonya. Lipe shaba."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kitabuni kwa namna nyingine na kuyajibu vizuri kwenye mtihani. Lakini miezi yote ile hewa ya maabara ilikuwa ikiibebea bodi yangu mzigo, kimya kimya, nami nikaandika kwenye daftari kwamba imefaulu.

Alichukua kipande cha bomba la shaba, akalipasua kwa urefu, akaligonga kwa nyundo hadi likawa ukanda. Nikatia katikati kipande cha maika, madini yasiyopitisha umeme, maana mgongo wa transista ile una umeme, nikafunga upande mmoja hapo na mwingine kwenye kitako cha sufuria.

Tulipokuwa tukifunga, simu yangu ilikuwa imesimamishwa kwenye kopo la misumari, ikionyesha wanaanga Luca Parmitano na Andrew Morgan wakiwa nje ya kituo. Ilikuwa safari yao ya nne kwa kazi hiyohiyo. Pampu za kuzungusha dioksaidi ya kaboni inayopoza vihisi vya silikoni vya AMS zilikuwa zimeharibika moja baada ya nyingine, na chombo chenyewe hakikuundwa kitengenezwe kule juu. Walikuwa wamekata mabomba manane na kuyaunga kwenye pampu mpya.

"Wamechomelea na nini huko?" Mzee akauliza.

"Hawakuchomelea, Mzee. Ni viungio vya kubana."

"Basi wapime kama vinavuja."

Ndicho walichokuwa wakipima. Na bomba moja kati ya yale manane likaonekana linavuja. Mzee akaweka nyundo chini, akasogea karibu na simu. Parmitano akakaza kiungio. Wakasubiri.

"Asiharakishe," Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mwanafunzi wake. "Kiungio ukikikaza kwa hasira, unakiua."

Kilikazwa tena, na uvujaji ukakoma. Mzee akapumua, akarudi kwenye sufuria letu.

Tuliwasha tena jua likizama. Dakika ya kumi, 51. Ya ishirini, 57. Ya thelathini, 58. Kihisi kilikuwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na namba haikucheza. Nilitaka kuzima nimshukuru na kumlipa, kwa kuwa maduka ya jirani yalikuwa yanafungwa na Magharibi imeadhiniwa.

"Acha ingurume," akasema, akaenda kuswali. Aliporudi hakutaja bei.

"Ngapi sasa?"

"58 bado, Mzee."

Akavuta kigoda, akaketi.