Kwenda San Antonio na Klarineti

Kutoka Houston, tunakoishi, hadi San Antonio ni kilomita zipatazo 320 kwa barabara kuu namba 10, na tulizimaliza mapema tukipishana na mabasi ya shule yaliyokuwa na safari moja na yetu. Kila Februari Chama cha Walimu wa Muziki wa Texas hukutana katika mji huo, na sambamba na mkutano hukusanyika bendi, kwaya na okestra teule za wanafunzi wa sekondari wa jimbo zima. Binti yangu, anayepuliza klarineti, alikuwa amepata nafasi.

Kuipata nafasi hiyo si lelemama. Wanafunzi zaidi ya 70,000 huiwania kila mwaka ilhali wanaochaguliwa hawafiki 2,000, tena hupanda ngazi kwa ngazi, na majaji huwasikiliza bila kuwaona, kwa kuwa katikati pana pazia na mpigaji hutambulishwa kwa namba tu. Utaratibu huo niliupenda tangu niliposimuliwa; kwa mtoto mwenye jina kama letu, pazia ni hisani kubwa.

Mazoezi yalifanyika katika kituo cha mikutano cha Henry B. González, hatua chache kutoka mtoni kwenye mikahawa ya watalii, ambayo sikuipa muda. Niliketi viti vya nyuma. Mimi nimekulia Moshi, nikisikia matarumbeta ya usharika wa Kilutheri, ambako kijana alijifunza kwa kupuliza kando ya wakubwa na wimbo haukusimamishwa kwa ajili ya nota moja. Hapa mwongozaji alisimamisha kila kitu kwa ajili ya mpatano mmoja wa sauti. Alianza na tuba peke yake, zile ala za shaba zenye sauti nzito kabisa, akaongeza tromboni, kisha honi, kila kundi likingoja lililotangulia litulie, hadi ukatoweka ule mtetemo unaosikika sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana. Ndipo akaziruhusu klarineti, nazo kwa upole kuliko zilivyotaka. Zilipoyumba aliwaambia wapigaji waweke ala mapajani na kuiimba sehemu yao. Waliimba kwa haya, vijana wa miaka 16 na 17 ambao hawakuwa wamefahamiana, na walipopuliza tena sauti zilikaa mahali pake. Sioni kwa nini vikundi vyetu vya kanisani visiige jambo hilo, maana halina gharama.

Jumamosi bendi ilipanda jukwaani katika ukumbi wa Lila Cockrell, ulio ndani ya kituo hichohicho. Ilipiga vizuri mno, ingawa kwangu mimi utamu ulikuwa mazoezini.

Tulianza safari ya kurudi jioni. “Baba, umeisikia klarineti ya tatu?” aliniuliza kabla hatujatoka mjini, na mpaka tunapita mji wa Seguin alikuwa bado ananieleza kwa nini sehemu hiyo, isiyosifiwa na mtu, ni ngumu kuliko ile ya kwanza.