Dari ya Chumba cha Omo

Usiku wa kwanza kulala peke yangu kwenye chumba cha omo, yaani cha mbele, katika boti ya mjomba, niliamshwa na kitu kilichonigusa paji la uso. Kuwasha tochi, kumbe ni dari. Vinaili, lile tandiko la plastiki linalofunika dari, ilikuwa imeachana na faibaglasi ya boti, ikaota tumbo kama turubai lililotuamisha maji ya mvua, na kila boti ilipoyumba ilishuka mpaka usoni kwangu. Mto wa kulalia ulijaa unga wa rangi ya kahawia.

Asubuhi, kabla mjomba hajaja, nilitoboa lile tumbo, nikapulizia gundi ya kopo, nikakandamiza kwa ubao nilioukingia mti mpaka jioni. Ikashika. Siku ya nne ikaanguka tena, na sehemu iliyokuwa nzima ikaifuata.

Mjomba hakunigombeza. Alivuta ukingo wa vinaili, akaugeuza, akausugua kwa kidole gumba.

"Hii ilikuwa sponji, mwanangu. Gundi yako imeshika vizuri, ila imeshika unga."

Ndipo nilipoelewa. Vinaili ile huja na sponji nyembamba mgongoni, kama milimita 3, ya kuficha mabonde ya faibaglasi. Joto na unyevu huila miaka nenda miaka rudi, huku vinaili yenyewe ukiitazama ni nzima.

Tukaibandua yote, polepole, kwa sababu kila kipande cha zamani kilikuwa ndicho kipimo cha kipya. Mjomba aliandika nyuma ya kila kimoja: kulia, kushoto, omo. Nilimwomba turudishie ileile, tuokoe gharama. Akakirudisha kipande kimoja mahali pake: kilipungua kwa upana wa vidole viwili. Vinaili ikizeeka hukakamaa na kusinyaa.

Kazi iliyotula ni kukwangua. Siku mbili nzima, shingo imegeukia juu, miwani na barakoa usoni, brashi ngumu mkononi. Sponji iliyokauka ilimwagika kama vumbi la mbao. Iliyobaki ilikuwa ute unaonata, ukiusugua unaviringika. Baada yake tukapanguza kwa asetoni, madirisha yote wazi na jiko limezimwa, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na nina hakika dari nyingi huanguka mara ya pili kwa sababu hiyo tu.

Faibaglasi ilipobaki tupu, ikajitokeza alama ya kahawia kuzunguka bolti ya chuma cha kufungia kamba. Nilitamani tuanze kubandika siku hiyohiyo. Mjomba akakataa. Tuliifungua bolti, tukaacha tundu likauke, tukapaka silanti mpya ya kuziba maji, tukakaza. Ilipokauka, yeye akapanda sitahani na ndoo, mimi nikabaki chini na tochi. Alimwaga maji mara tatu. Kila mara nilipapasa nati kwa kidole, nikapaza sauti: "Kavu!"

Kubandika kwenyewe kulikwenda haraka. Gundi ya kustahimili joto, tena isiyoyeyushwa na mafuta ya vinaili, pande zote mbili; tukangoja mpaka ukiigusa inanata lakini haifuati kidole. Tukaanzia katikati, nikawa nasukuma kwa kiganja kuelekea kingo, yeye ameshikilia upande wa pili ili usiguse kabla ya wakati. Ziada tukaikata mwisho.

Chini ya ile bolti hakubandika. Alikata kipande cha plaiwudi, akakivalisha vinaili, akakifunga kwa skrubu nne.

"Mbona hapa umepaacha, mjomba?"

"Kuna siku itavuja tena. Siku hiyo hutapasua dari, utachukua bisibisi."

Akanipa skrubu ya nne niikaze mwenyewe.